Maswali ya Wasomaji: Bei Zinapopanda, Tuzipimeje?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: bei. Katika majibu tunatumia namba tupu, bila kutaja fedha ya nchi yoyote. Msomaji aweke fedha yake mahali pake, hesabu haibadiliki.

SWALI: Ndugu wahariri, redioni wametangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Mbona dukani sijaona hata kitu kimoja kilichoshuka? Nani anakosea? (Mama wa nyumbani)

JIBU: Mama, hapa hakuna anayekosea. Kinachotangazwa ni kasi ya bei kupanda, si bei zenyewe. Chukua kapu la bidhaa lililogharimu 100 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili likafika 110, yaani mfumuko wa asilimia 10. Mwaka wa tatu likafika 115.5. Hapo mfumuko ni asilimia 5, kwa sababu 5.5 ni asilimia 5 ya 110. Mtangazaji akisema mfumuko umepungua kwa nusu, amesema kweli. Wewe unayelipa 15.5 zaidi ya ulivyolipa mwaka wa kwanza ukisema maisha yamepanda, nawe umesema kweli. Ili kapu zima lirudi nyuma, asilimia hiyo ingebidi iwe chini ya sifuri, na hilo hutokea kwa nadra.

Tangazo hilo lina mtego mwingine. Mfumuko wa mwaka hupatikana kwa kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana. Ikiwa bei ziliruka ghafla Machi mwaka jana, basi ikifika Machi mwaka huu ule mruko unatoka kwenye hesabu, na asilimia inaporomoka hata kama dukani hakuna kilichosogea tangu Februari. Tafuta namba mbili kila mara: badiliko la mwaka mzima, na badiliko la mwezi huu juu ya mwezi uliopita. Namba ya pili ndiyo inayoonyesha bei zinaelekea wapi sasa, ingawa kwa vitu vya msimu hupanda na kushuka sana.

SWALI: Mfumuko ukitoka asilimia 4 ukafika 6, umeongezeka kwa asilimia 2? (Mwanafunzi)

JIBU: Hapana. Umeongezeka kwa pointi 2 za asilimia, au kwa asilimia 50 ukilinganisha na ulikotoka. Jihadhari pia na safari ya kwenda na kurudi. Bei ikipanda kwa asilimia 25, inatosha kushuka kwa asilimia 20 ili irudi ilipoanzia. Ikipanda kwa asilimia 50 kisha ikashuka kwa asilimia 50, haijarudi mahali pake: kitu cha 100 kimefika 150, kisha 75.

SWALI: Asilimia inayotangazwa haifanani kabisa na matumizi ya nyumbani kwangu. Naweza kupiga hesabu yangu mwenyewe? (Mfanyakazi wa kima cha chini)

JIBU: Unaweza, na tunakusihi ufanye hivyo, kwa sababu hii ndiyo namba pekee utakayoweza kuitumia unapozungumza na mwajiri au unapopanga bajeti. Unahitaji daftari, kalamu na uvumilivu wa mwaka mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Mwezi wa kwanza andika kila unacholipa, hata nauli. Malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama ada au bima, yagawe kwa 12 na uweke sehemu ya mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi yapange matumizi katika mafungu matano au sita, kisha tafuta kila fungu ni asilimia ngapi ya jumla. Asilimia hizo ndizo uzito wa mafungu, na jumla yake lazima iwe 100.

Kisha katika kila fungu chagua vitu viwili hadi vinne unavyonunua mara kwa mara. Andika aina, ujazo na mahali unaponunua. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: mwezi huu wanaandika bei ya pakiti kubwa, mwezi ujao ya ndogo, wakati mwingine wanaandika bei ya punguzo la siku moja. Kitu kile kile, ujazo ule ule, duka lile lile, na wiki ile ile ya mwezi.

Baada ya mwaka, gawa bei mpya kwa bei ya zamani, toa 1, zidisha kwa 100. Hilo ni badiliko la kitu kimoja. Wastani wa vitu vya fungu ndio badiliko la fungu. Zidisha badiliko la fungu kwa uzito wake, kisha jumlisha.

Mfano. Chakula kina uzito wa 45 na kimepanda kwa asilimia 12, kwa hiyo kinachangia 5.4. Pango, yaani kodi ya nyumba, lina uzito wa 25 na halikusogea, mchango wake ni sifuri. Usafiri una uzito wa 15 na umepanda kwa 20, unachangia 3.0. Umeme, maji na simu vina 10 na vimepanda kwa 5, vinachangia 0.5. Mengineyo yana 5 na yamepanda kwa 4, yanachangia 0.2. Jumla ni 9.1. Huo ndio mfumuko wa nyumba yako.

Sasa mpe jirani mwenye kipato kikubwa bei hizo hizo. Kwake chakula kina uzito wa 20, pango 30, usafiri 10, umeme, maji na simu 15 na mengineyo 25. Ukipiga hesabu unapata 6.15. Bei ni moja, maumivu ni mawili. Mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alilieleza jambo hili mwaka 1857: kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu ya chakula katika matumizi inavyokuwa kubwa. Ndiyo maana chakula kikipanda kuliko vitu vingine, tangazo moja la taifa zima haliwezi kumwelezea mtu wa kipato cha chini.

Makosa ya kuepuka: usijumlishe asilimia za mafungu na kuzigawa kwa idadi yake bila uzito. Katika mfano huu ungepata 8.2, namba isiyo ya nyumba yoyote. Kitu kikikosekana mwezi fulani, acha nafasi wazi. Usiweke sifuri, wala usiingize bei ya kitu mbadala bila kuandika pembeni. Na vitu vya msimu vilinganishe na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, la sivyo utaita mavuno mporomoko wa bei na kuita kiangazi mfumuko.

SWALI: Nimesoma kwamba ofisi za takwimu hubadilisha kapu la bidhaa kila baada ya miaka kadhaa. Je, si njia ya kuficha ukali wa maisha? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Swali zuri, mzee wetu, na linastahili hesabu badala ya maneno matupu. Tuseme kuna mafuta ya aina mbili, kila moja 100 kwa chupa, na mtu hununua chupa 10 za kila aina. Aina ya kwanza inapanda hadi 150, ya pili inabaki 100. Mtu anabadili mwenendo: ananunua 4 za kwanza na 16 za pili.

Ukitumia kapu la zamani, gharama inatoka 2,000 hadi 2,500: mfumuko ni asilimia 25. Hiyo ndiyo njia ya mwanauchumi Mjerumani Étienne Laspeyres, aliyeieleza mwaka 1871. Ukitumia kapu jipya, vitu hivyo kwa bei za zamani vingegharimu 2,000 na kwa bei mpya ni 2,200: asilimia 10. Hiyo ni njia ya Mjerumani mwenzake Hermann Paasche, ya mwaka 1874. Mwanauchumi Mmarekani Irving Fisher alipendekeza kuzizidisha namba hizo mbili, 1.25 mara 1.10, na kuchukua kipeuo cha pili. Unapata 1.173, yaani asilimia 17.3.

Kapu lisipobadilishwa kwa muda mrefu, hesabu itaendelea kupima vitu ambavyo watu wameacha kununua, na mara nyingi itazidisha mfumuko. Mwaka 1996 kamati iliyoongozwa na Michael Boskin nchini Marekani ilikadiria kwamba fahirisi ya bei za walaji ya huko, yaani namba inayofuatilia bei ya kapu, ilikuwa inazidisha mfumuko kwa takriban pointi 1.1 kwa mwaka. Kwa hiyo kubadilisha kapu ni lazima. Lakini hofu yako ina msingi. Mtu aliyehamia aina ya pili kwa kushindwa na bei, huku akiipenda ya kwanza, hakuukwepa mfumuko. Ameulipa kwa kushusha kiwango cha maisha yake, na namba ya 10 haioni hilo. Sisi tunaona ni haki kuuliza uzito wa kapu ni wa mwaka gani na umetokana na utafiti gani wa matumizi ya kaya. Ofisi yoyote makini huchapisha majibu hayo.

SWALI: Sabuni ninayotumia haijapanda bei kwa miaka miwili, ila siku hizi inaisha mapema. Nahisi naibiwa. (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Angalia uzito ulioandikwa kwenye kifungashio. Inawezekana bei ilipanda bila kubadilisha tarakimu. Pakiti ya gramu 500 kwa 2,000 ni 4.00 kwa gramu. Ikipunguzwa hadi gramu 425 kwa 2,000 ile ile, ni 4.71 kwa gramu. Ujazo umepungua kwa asilimia 15, lakini bei imepanda kwa 17.6, si 15. Kanuni yake ni nyepesi: gawa 100 kwa asilimia iliyobaki, toa 1, zidisha kwa 100. Ukipunguziwa kwa asilimia 10, bei imepanda kwa 11.1. Ukipunguziwa kwa 20, imepanda kwa 25. Ukipunguziwa kwa robo, imepanda kwa theluthi moja.

Sanduku huachwa na ukubwa ule ule na kuwekwa hewa zaidi. Chupa huingizwa kitako kwa ndani. Karatasi za kujifutia hupunguzwa idadi ya vipande, au upana wa kipande. Sabuni ya maji huongezwa maji, na hii ndiyo ngumu kuigundua kwa sababu mililita hazibadiliki. Utaijua tu kwa kuhesabu inafua mara ngapi. Katika huduma nako ni hivyo hivyo: bando la data lile lile linalodumu siku chache kuliko zamani, au fundi asiyejumuisha tena vipuri vidogo katika ada yake.

Wauzaji hufanya hivi kwa sababu mnunuzi hukumbuka tarakimu ya bei kuliko gramu, na pia kwa sababu ya sarafu. Nchini Marekani kinywaji cha Coca-Cola kiliuzwa kwa senti 5 kwa zaidi ya miaka 60, kuanzia 1886, na mojawapo ya vizuizi vya kupandisha bei ni kwamba mashine za kuuzia zilipokea sarafu moja tu ya senti 5. Bei inapofungwa na sarafu, kinachobaki cha kubadilisha ni ujazo.

Kwa hiyo linganisha bei kwa gramu, kwa mililita au kwa kipande, na fanya hivyo hata kwa pakiti kubwa. Pakiti kubwa si nafuu kila mara.

SWALI: Kwa nini simu na televisheni hupungua bei huku kunyoa, matibabu na ada za shule vikipanda kila mwaka? (Kinyozi)

JIBU: Kwa sababu saa moja ya kiwandani leo hutoa vifaa vingi kuliko zamani, lakini saa moja ya kinyozi bado hunyoa vichwa vile vile. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza hili mwaka 1966 kwa mfano wa wapiga muziki: kipande kilichotungwa kwa wanamuziki wanne karne mbili zilizopita bado kinahitaji watu wanne na dakika zile zile. Hata hivyo mwanamuziki hawezi kulipwa ujira wa karne mbili zilizopita, maana atahamia kiwandani. Ujira unapanda kila mahali, tija inapanda mahali pengine tu, na tofauti hiyo inaingia kwenye bei ya huduma.

Kwa hiyo bei ya kunyoa ikipanda, haimaanishi kwamba kinyozi amekuwa mlafi au mvivu. Katika kazi ambayo mkono wa mtu ndiyo bidhaa yenyewe, hilo ni jambo la kutarajiwa.

SWALI: Wazee husema kitu cha 50 zamani leo ni 5,000. Je, kweli kimekuwa ghali mara mia? (Kijana)

JIBU: Inategemea mtu alipata ngapi kwa siku. Badili bei iwe saa za kazi. Ikiwa zamani kibarua alilipwa 40 kwa siku ya saa 8, kitu cha 50 kilimgharimu siku moja na robo, yaani saa 10. Ikiwa leo analipwa 10,000, kitu cha 5,000 kinamgharimu saa 4. Tarakimu imepanda mara 100, lakini kitu kimekuwa rahisi. Fanya hesabu hiyo kwa kodi ya nyumba, na huenda ukakuta jibu kinyume kabisa. Ndiyo maana tusiamue ugumu wa zamani au wa sasa kwa kitu kimoja.

Kupima kwa namna hii si jambo jipya. Mwaka 1707 kasisi Mwingereza William Fleetwood, aliyekuja kuwa askofu, alijibu swali kuhusu chuo kimoja cha Oxford. Sheria za chuo hicho, zilizotungwa karne ya 15, zilimtaka mwanachuo aondoke chuoni ikiwa ana mapato ya paundi 5 kwa mwaka. Fleetwood alikusanya bei za nafaka, nyama, vinywaji na nguo za karne kadhaa, akaonyesha kwamba paundi 5 za waasisi zilinunua mara tano au zaidi ya zile za wakati wake. Kushika tarakimu na kuacha thamani kungekuwa kuvunja nia ya waliotunga sheria.

SWALI: Mfumuko wa asilimia 6 unaitwa mdogo. Basi akiba yangu nyumbani ina shida gani? (Mkulima)

JIBU: Shida ni miaka. Gawa 70 kwa kiwango cha mfumuko, utapata takriban miaka ya bei kuongezeka maradufu: kwa asilimia 6 ni kama miaka 12, kwa 10 ni miaka 7. Fedha taslimu 100,000 uliyoificha, baada ya miaka 10 ya asilimia 6, itanunua vitu ambavyo leo vinauzwa 55,800 tu. Ukiiweka kwenye riba ya asilimia 8, faida yako halisi si 8. Gawa 1.08 kwa 1.06, unapata 1.019: asilimia 1.9 kwa mwaka, kabla ya makato. Na usizidishe mfumuko wa mwezi kwa 12. Asilimia 1 kwa mwezi ni 12.7 kwa mwaka, kwa kuwa kila mwezi unapanda juu ya uliotangulia.

SWALI: Bei ya jumla imepanda. Nina mzigo wa zamani dukani. Niuze kwa bei ya zamani au mpya? Na mikataba yangu ya mwaka mzima niiandikeje? (Muuza duka)

JIBU: Hapa ndipo maduka mengi hufa huku daftari likionyesha faida. Ulinunua vipande 20 kwa 900 kila kimoja, ukauza kwa 1,000, ukakusanya 20,000. Daftari linasema faida ni 2,000. Bei mpya ya jumla ni 1,050, kwa hiyo 20,000 inarudisha vipande 19 tu. Ukiwa umeshakula ile 2,000, unarudisha 17. Rafu inapungua, na wewe unadhani unapata. Bei ya kuuzia itokane na gharama ya kurudisha mzigo, si gharama uliyolipa zamani. Ukiona aibu kupandisha mara moja, pandisha kwa hatua mbili, lakini usiguse faida hadi mzigo urudi ulivyokuwa.

Usipandishe kwa kukisia pia. Gawa gharama zako. Tuseme kazi ni asilimia 50 ya gharama, vifaa 35 na mafuta 15. Vifaa vimepanda kwa 10, mafuta kwa 30, kazi haijapanda. Gharama yote imepanda kwa 3.5 na 4.5, jumla asilimia 8. Ukipandisha kwa 30 kwa sababu mafuta yamepanda kwa 30, mteja ataondoka. Usipopandisha kabisa, na ulikuwa unauza kwa 100 kwa gharama ya 90, gharama inafika 97.2, na faida ya 10 inabaki 2.8.

Katika mkataba andika: bei ya kuanzia na mwezi wake, fahirisi gani itatumika, iliyotolewa na nani, bei itarekebishwa kila baada ya miezi mingapi, kiwango cha juu na cha chini cha marekebisho, na nini kitafanyika fahirisi ikibadilishwa mwaka wa kizio (mwaka ambao fahirisi huhesabiwa kuwa 100) au ikiacha kutolewa. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika zaidi, na ndicho huleta ugomvi. Bei mpya ni bei ya kuanzia mara fahirisi ya sasa gawa kwa fahirisi ya mwezi wa kuanzia. Ikiwa fahirisi ilikuwa 120 na sasa ni 129, zidisha bei kwa 1.075.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilifanya jambo la namna hii mwaka 1780, fedha ya karatasi ilipokuwa ikipoteza thamani vitani. Hati za deni walizopewa askari zilifungwa kwenye bei ya mahindi, nyama ya ng'ombe, sufu na ngozi ya soli, kila kimoja kwa kiasi kilichotajwa. Kama biashara yako haina fahirisi inayoifaa, nawe unaweza kufunga bei kwenye vitu vitatu au vinne unavyotumia zaidi, mradi viwango vyake viandikwe na pande zote mbili zikubaliane bei zake zitasomwa wapi na siku gani.